Asiyejibu Amekubali

Armas Tiihonen,
Niirala, Kuopio,
Finland.
Alhamisi, 8 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Hilkka,

Nakusalimu kwa upendo kutoka nyumbani. Hujambo? Shemeji Doug naye hajambo na mgongo wake? Na hilo goti lako walilolifanyia upasuaji, sasa linakunjika sawasawa, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyotuambia? Mwanao Kalle amepata kazi au bado anajitafuta? Nijibu yote haya, usiniletee tu picha za ziwa lenu. Ziwa ninalo hapa.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Raili wangu anapiga chafya kutwa kwa ajili ya vumbi la maua ya miti, kama kila mwaka. Mimi presha imepanda. Daktari anasema nipunguze chumvi, Raili anasema nipunguze kiburi. Barafu ilichelewa kuyeyuka safari hii, kwa hiyo mashua imeingia majini juzi tu, na tayari inavuja pale pale inapovuja tangu zamani za baba.

Kaburi la kaka yetu Ensio tumelisafisha. Raili amepanda maua madogo ya zambarau. Mimi nilichota maji tu.

Kadi yako ya Pasaka ilifika salama, ahsante sana. Swali uliloniuliza ndani yake nimelisoma. Nitalifikia, usinikimbize.

Sasa nikupe habari iliyonishikisha kalamu, maana unajua mimi si mtu wa kuandika ovyo. Kyyhky imekufa. Wengine wanasema imezaliwa upya, inategemea umemuuliza nani. Ukiniuliza mimi, imekufa, na aliyeizika ni mtoto wetu wenyewe.

Usiniambie umeisahau. Ni ile programu ya barua pepe tuliyoianza mimi na Ensio katika chumba cha chini cha nyumba ya mama, wewe ukipiga kelele juu ya ngazi kwamba tumeishika laini ya simu na mchumba wako kutoka Kanada hawezi kukupata. Mchumba mwenyewe alikupata, nasi tukamaliza programu, kwa hiyo hakuna aliyepata hasara. Ensio ndiye aliyeibatiza Kyyhky, njiwa, kwa kuwa inabeba barua. Mtu akituma barua pepe, kuna mashine mahali fulani inayoipokea, inaiweka kwenye foleni, inaifikisha. Mashine hiyo ndiyo seva, na Kyyhky ndiyo inayoiambia seva cha kufanya.

Ensio aliandika upande wa kupokea. Mimi niliandika foleni. Tukaitoa bure, msimbo wake wazi, yeyote asome, atumie, arekebishe. Watu wakaja kutoka kila upande kusaidia, wengine hatujawahi kuwaona nyuso. Leo kuna shule, maktaba na halmashauri huku kwetu, Estonia na Uholanzi ambazo barua zao zimepita mikononi mwangu kwa miaka karibu thelathini, na hakuna hata karani mmoja anayejua jina langu. Sikuwahi kulitaka lijulikane. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda si lazima asimame juu ya mlingoti.

Tuliiandika kwa lugha ya C. Lugha hiyo ni kama lile shoka la baba: linapasua vizuri sana, lakini halikuulizi kama mguu wako uko chini yake. Vijana wa leo wanayo lugha nyingine, Rust, ambayo inagoma kabisa kuanza kazi mpaka uioneshe kwamba miguu yote iko mbali. Sikatai kwamba ina faida. Tumeshajikata mara kadhaa, na mara moja damu ilitapakaa hadi magazetini. Sitaki useme kaka yako ni mzee anayepinga kila kitu kipya. Ninachopinga mimi ni kingine.

Ensio alipofariki, mwanawe Vilja ndiye aliyeshika usukani. Nilifurahi, Hilkka. Nilifurahi kuliko nilivyomwonesha mtu. Mtoto amelelewa na mama yake kule Göteborg, Kifini chake ni cha kitabuni, lakini kila kiangazi alikuja, nami nikakaa naye kwenye veranda nikimwonesha msimbo mstari kwa mstari huku Raili akituletea mkate wa samaki. Foleni yangu aliijua kuliko mimi. Mjomba wake wa Uswidi alimfundisha kuendesha boti, mimi nikamfundisha hiyo.

Basi kiangazi kilichopita tulikuwa na msaragambo wetu kama kawaida, katika ukumbi wa zimamoto wa kijiji. Kila mtu na kompyuta yake, soseji nje kwenye moto, sauna jioni. Ulikuwa msaragambo wa kwanza bila Ensio. Kiti chake hakuna aliyekikalia, ila Joost, yule Mholanzi mrefu anayesema kila kinachompitia kichwani kabla hakijamaliza kupita, alitundika koti lake pale. Nilimtazama, lakini Joost ukimtazama anafikiri unampenda.

Vilja akasimama. Mikono aliitia mfukoni, kama baba yake.

"Jamani, nina jambo," akasema. "Nataka tuihamishie Kyyhky kwenye Rust. Si kipande kipande cha kuonja. Yote."

"Safi kabisa!" Joost akadakia. "Ile foleni ukiisoma unahitaji panadoli. Samahani, Mzee Armas, usininunie, lakini ni kweli, bwana!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilionesha meno.

"Baba mdogo," Vilja akasema, "wewe unasemaje?"

Nikainuka, nikaenda kuongeza kahawa.

Sina haja ya kukueleza wewe maana yake. Ulikaa kwenye meza ile ile. Unakumbuka ile siku mimi na Ensio tulipoomba mashua ya baba twende upande wa pili wa ziwa, na baba akaendelea kupaka siagi kwenye mkate wake, polepole, mpaka pembeni? Mama akatuambia, "Haya, mmesikia, baba yenu amekataa." Ensio akang'aka, "Mbona hajasema kitu!" Mama akamjibu, "Ndivyo anavyokataa." Wewe ulikuwa mdogo, lakini ulicheka mpaka maziwa yakakutoka puani. Katika nyumba yetu kukubali kulikuwa na mguno wake. Kukataa hakukuwa na sauti, na hakuna aliyewahi kukosea.

Kwa hiyo nilipoiacha ile meza na kwenda kwenye birika mbele ya watu wote, nilikuwa nimepiga ukelele. Nilimimina kahawa taratibu nikiwapa mgongo ili wausikie vizuri.

Nilipogeuka, Vilja alikuwa akinitazama. Akasema, "Haya basi, nitaandika kwenye kundi letu, watu wapate nafasi ya kufikiri." Nikaona ameelewa. Nikaona mtoto ana adabu, anatafuta njia ya kurudi nyuma bila kuaibika.

Akaandika kweli. Pendekezo refu, zuri, limepangwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Chini yake akaweka ule mstari unaowekwa siku zote chini ya mapendekezo yetu: asiyejibu ndani ya siku tatu amekubali.

Sheria hiyo unajua nani aliitunga? Ensio. Aliitunga miaka ile watu walipoanza kuwa wengi na kila jambo likawa linakwama kwangu. Alinisomea akiwa kwenye benchi la juu la sauna, jasho likimtiririka, anacheka. "Hii nimeiandika kwa ajili yako, jiwe wewe! Mtu anakuuliza kitu Januari, unamjibu Machi, tena kwa kutikisa kichwa, tena uko peke yako chumbani!" Nikamwagia maji mawe yote ya moto, mvuke ukapanda mpaka akashuka mbio. Tulicheka sana siku ile. Tangu hapo ile sheria ilitufaa, maana lolote nililokuwa silitaki, Ensio alilijua kabla ya siku tatu kwisha, akalikataa kwa jina lake. Alikuwa mdomo wangu. Ukiwa na kaka wa namna hiyo huoni kwamba huna mdomo.

Usidhani nilikaa tu. Asubuhi iliyofuata niliketi nikarekebisha kasoro ndogo iliyokuwa kwenye foleni tangu zamani, nikaituma kwa kundi zima ili kila mtu aione. Mtu mwenye akili angeelewa: mwenye nyumba anapaka rangi ukuta unaotaka kuubomoa. Vilja akajibu haraka, na alama ya moyo, "Ahsante baba mdogo! Marekebisho haya nayo tutayahamisha."

Siku tatu zikapita. Kumi na tisa walisema ndiyo. Mimi nikahesabiwa wa ishirini.

Raili alikasirika kuliko mimi, ila alinikasirikia mimi. Alikuwa anamenya viazi.

"Si useme kama hutaki?"

"Nishasema."

"Umesema wapi?"

"Wote wanajua."

"Wote nani?" akanielekezea kisu. "Mimi najua. Hilkka anajua. Wengine wote wanaojua wako makaburini, Armas."

Nikatoka kwenda kupasua kuni. Nilipasua za majira mawili ya baridi.

Nikueleze walivyofanya kazi, maana nitakuwa mwongo nisipowasifu. Walichukua kipande kimoja kimoja, wakakiandika upya kwa lugha yao, kisha wakazipa Kyyhky zote mbili, ya zamani na mpya, barua zile zile, wakalinganisha majibu herufi kwa herufi. Yakitofautiana, mpya ndiyo inayosahihishwa. Hata makosa yetu wameyahamisha, kwa sababu kuna seva nyingine duniani ambazo zimeshayazoea na zinayategemea. Wapo mashemeji wasionivumilia makosa yangu kiasi hicho.

Na kuna mzaha wa Ensio humo. Kyyhky ikishawaka sawasawa huwa inaandika katika kumbukumbu zake, "Kahawa iko tayari." Ni upuuzi tu wa siku moja asubuhi. Joost alitaka kuufuta. Wakaja kugundua kwamba halmashauri moja huko Estonia ina mashine inayosubiri maneno hayo hasa ili ijue kwamba barua zinapita. Kwa hiyo kahawa ya Ensio imebaki, na itabaki baada yangu na baada yako. Mashine ilisema inaihitaji, ikasikilizwa mara moja.

Foleni yangu hakuna mashine iliyoiombea. Wakati wa Krismasi Vilja alikuja kwetu na mikate yao ya zafarani. Tulikula paja la nguruwe, tukaenda makaburini kuwasha mishumaa kwa Ensio na kwa wazazi, theluji mpaka magotini. Tuliporudi alinifuata jikoni nikiwa naosha vyombo, akachukua kitambaa akawa anafuta.

"Baba mdogo, tumefika nusu," akasema. "Nusu si mwisho. Niambie ukweli, hili jambo linakuumiza?"

Sahani ilikuwa safi tayari, nikaiosha tena.

"Theluji ya mwaka huu ni nyingi," nikamwambia.

Akasubiri. Akafuta sahani ile, akaiweka kabatini. Kisha akanieleza kwamba kwa upande wa foleni wameona hakuna haja ya kuihamisha. Kuna foleni iliyokwisha tengenezwa na watu wengine, wengi wanaitumia, imejaribiwa, wataichomeka tu. Alinieleza kwa upole sana, kama mtu anayekuambia habari za kifo cha mbwa wako. Nikauliza kama kuna kahawa iliyobaki.

Usiku ule Raili hakusema nami ila neno moja kabla ya kuzima taa: "Mtoto amekuuliza moyo wako, wewe ukampa hali ya hewa."

Mwezi uliopita wakabadilisha. Ghala la msimbo wetu wa zamani limefungwa: ruhusa kusoma, marufuku kuandika, kama makumbusho. Walifanya sherehe kwenye kompyuta, kila mmoja nyumbani kwake na keki yake. Joost alivaa kofia ya rangi ya chungwa. "Mzee Armas, washa kamera tukuone, au umevaa pajama?" akapiga kelele. Sikuwasha. Nilikaa gizani nikiwasikiliza wakishangilia, na wote walikuwa watu wazuri, Hilkka, hapo ndipo palipo uchungu. Mtu mbaya ningemtukana nikalala.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo. Ninapoamka ninayo, nikienda dukani ninayo. Nyanya nikizipima nazipima kwa hasira. Kazi ya ujana wangu wote wameitoa kama jino, na kila mmoja anadhani nilifungua mdomo kwa hiari yangu.

Sasa sikia la wiki hii. Jumatatu Vilja ameandika pendekezo jipya. Kwenye ukurasa wa kwanza wa Kyyhky mpya anataka pawekwe maneno haya: Ilianzishwa na Ensio na Armas Tiihonen. Chini yake, kama kawaida: asiyejibu ndani ya siku tatu amekubali. Kila mtu amejibu ndiyo. Joost ameweka alama za makofi mstari mzima.

Ensio awekwe, sawa, sauti yake imo. Lakini mimi? Humo ndani hamna hata msumari wangu. Mtu akivunja nyumba yako, kisha akabandika jina lako juu ya mlango wa nyumba yake, amekuheshimu au amekuzika? Mimi naona amenizika, na maua juu.

Na ona mtego huo. Nikinyamaza kama ninavyonyamaza, jina langu litawekwa. Miaka yote hii kimya changu kimekuwa kikibeba hapana yangu, na safari hii kitabeba ndiyo, hadharani, milele. Siku ya tatu ni leo.

Raili amepita nyuma yangu sasa hivi, akasoma begani. Anasema nikusalimu na nikuambie kwamba kaka yako anaandika kurasa sita kwa mtu aliye Kanada ili asiandike neno moja kwa mtu aliye Göteborg. Ndiyo mke wangu huyo.

Naiacha kalamu kidogo, naenda kuwasha sauna.

*

Nimerudi. Kuni zimeshika. Nimelituma.

Sitakudanganya kwamba lilikuwa jepesi. Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka Raili akaja kuniuliza kama nimefariki. Kwanza niliandika maelezo marefu, nikayafuta. Nikaandika mzaha, nikaufuta pia. Nilichotuma mwishoni kwa watu wote wa kundi ni hiki: "Hapana. Armas." Basi. Nina umri wa miaka sitini na sita, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu neno hilo waziwazi, isipokuwa mbwa.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wanasema, nami nilijiandaa kwa mshindo. Nilitaka waone aibu. Nilitaka Joost akose la kusema hata siku moja tu. Nikakaa nasubiri kama mtu aliyevunja dirisha.

Vilja hakujibu kwenye kundi. Alinitumia mimi peke yangu, kwenye simu. Nakunakilia yote kama alivyoandika, usije ukasema nimeongeza chumvi:

"Baba mdogo, sawa, jina nimeliondoa. Na ahsante. Hii ndiyo hapana ya kwanza niliyowahi kupata kutoka kwako, na nimekaa hapa nalia kama mjinga. Siku ile ukumbini nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Nilijiambia, baba mdogo akikataa, hata kwa kunong'ona, naacha, hatuhamishi kitu, tutaitunza ya zamani mpaka wewe mwenyewe useme basi. Nilikuuliza mbele ya watu. Nikakuuliza kwenye kundi. Nikakuuliza jikoni. Hukusema. Baba alishaniambia wewe huwa husemi sana, lakini hakuniambia jinsi ya kusoma. Siku ile ulipoinuka, nilidhani kweli umekwenda kuchukua kahawa."

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa.

Nimetafuta wa kumkasirikia, Hilkka, sijampata. Ensio? Alijua ugonjwa wangu, akaitunga ile sheria iwe dawa, kisha kwa huruma yake mwenyewe akawa ananimezea vidonge yeye. Vilja? Hakukaa kwenye meza yetu, hakumwona baba akipaka siagi. Kwa mtoto huyo mtu anayekwenda kwenye birika anataka kahawa, na kwa kweli ndivyo dunia nzima inavyoamini. Foleni yangu ingekuwa hai leo. Ilihitaji neno moja, nami nilikuwa nalo kinywani muda wote nikilitunza kama mtu anayeficha pesa mpaka noti zinabadilishwa.

Kuhusu ghala, limefungwa. Halifunguliwi tena, na hata lingefunguliwa halmashauri zote zimeshahama. Maji yamemwagika. Vilja bado sijamjibu. Nitampigia simu kesho, nitamwambia kwa sauti kwamba nimeumia, nione kama maneno hayo yanatoka. Raili anasema atakaa karibu na kisu cha viazi.

Sasa swali lako la Pasaka. Uliuliza kama uje kiangazi hiki, ukae nasi mpaka vuli, au kama tumeshakuwa wazee mno kwa wageni wa muda mrefu. Tangu Pasaka sijakujibu. Najua umeshakifungua kimya changu na kukisoma kama tulivyofundishwa, nawe ndiye msomaji wangu bora aliyebaki duniani. Najua hujanunua tiketi, na hukunung'unika, kwa sababu kwetu hakuna anayenung'unikia siagi.

Safari hii umekosea kusoma. Sikukujibu kwa kuwa nilitaka mno uje, na hilo nalo sikujua linasemwaje. Kumbe nina kimya cha aina mbili na vyote vinafanana, hata wewe huwezi kuvitofautisha, hata mimi.

Jibu ni ndiyo. Njoo, Hilkka. Matandiko ya chumba cha juu Raili ameshayaanika tangu Mei, nami nikajifanya sijui anamwanikia nani. Juhannus, ile sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, tutawasha moto ufukweni, mashua nitaiziba. Ukinikuta uwanja wa ndege nimesimama tu, nikachukua sanduku lako nikatangulia kwenye gari bila neno, usinisome. Niulize tena.

Nisalimie shemeji Doug, umwambie laini ya simu iko wazi siku hizi. Nisalimie Kalle, na yule jirani yako mzee aliyetoka Lapua, kama bado anakuletea samaki. Raili anakukumbatia na anaomba ulete ile sharubati ya utomvu wa miti ya huko kwenu. Mungu akulinde angani na nchi kavu, akulainishie hilo goti, akufikishe mlangoni kwetu ungali unacheka.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, na safari hii nimesema,

Armas